Baraza la Mambo Mapya

Nimesomesha wanawake kwa miaka mingi kuliko niliyoishi bila kusomesha, na mtu akiniuliza nani aliyekiua chuo chetu, simtaji Mdachi, wala homa, wala vita. Chuo chetu kiliuawa na watu waliokuwa wakikipenda. Nilikuwapo, upande wa pili wa kiambaza, na niliwasikia wakikipenda kutwa nzima.

Kilikuwa nje kidogo ya Kilindoni, njia ya kwendea Miburani, siku ambazo Kilindoni yenyewe ilikuwa nyumba chache za makuti na boma la Wadachi liko Chole. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya miti na udongo. Mbele palikuwa na ukumbi wa wanaume, nyuma chumba cha wanawake, na katikati kiambaza cha makuti yaliyosukwa. Asubuhi walisoma watoto Kurani. Baada ya adhuhuri wakaja vijana wakubwa kusoma nahau na fiqhi. Wengine walitoka Bweni, wengine walivuka kutoka Rufiji, wakalala palepale ukumbini na kula kutokana na shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa ajili yao.

Mwalimu mkuu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mume wangu alipofariki nikiwa bado kijana, mjomba aliniita, akanionyesha chumba cha nyuma, akasema, "Kaa hapa usomeshe. Kulia unaweza kulia ukisomesha." Ndivyo nilivyopata kazi yangu.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, alipiga, na akiwa na njaa alikataza jambo lolote lililoletwa mbele yake. Lakini alikuwa na kichwa kinachofanya kazi hata baada ya mdomo kukwisha kukataa. Nakumbuka nilipomwendea mara ya kwanza na jambo langu.

"Mjomba, wanawake wangu wanasoma wasichokijua. Nataka niwaambie maana kwa Kiswahili."

"Utanitia motoni wewe!"

"Basi niache?"

"Nimesema uache? Anza na sura fupi. Ukikwama njoo uniulize mimi. Usiwaulize wale wapumbavu wa msikitini."

Hiyo ndiyo ilikuwa serikali yetu nzima. Ulipeleka jambo, ukatukanwa, ukaanza kazi. Nililianza hilo la maana, na wanawake wakaongezeka mpaka wengine wakawa wanakaa kizingitini.

Mjomba alifariki masika moja, kwa homa iliyomchukua haraka. Hatujamaliza hata matanga wakaja wale mabwana watatu.

Wa kwanza alikuwa mwenye mashamba ya minazi, mtu ambaye babu yake alitoka Omani, na hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Wa pili alikuwa mwenye duka la nguo, ambaye kazi yake barazani, kwa miaka yote niliyomsikia, ilikuwa kukubaliana na wa kwanza. Wa tatu alikuwa karani wa akida. Huyu alisoma shule ya Wadachi huko bara, akarudi na viatu na namna ya kusema ambayo ilimfanya kila aliyemsikiliza ajione amechelewa.

Walikaa na walimu ukumbini. Mimi nilikuwa nyuma ya kiambaza na kanga yangu ya eda ya mjomba, ingawa watu waliniambia mjomba hakaliwi eda. Karani akasema:

"Mabwana, tuseme kweli. Chuo hiki kilikuwa mtu mmoja. Mtu mmoja akilala, chuo kimelala. Mtu mmoja akifa, tumebaki tunatazamana. Dunia inakwenda mbele. Wadachi wana utaratibu. Sisi tuna nini? Tunataka uongozi mpya, baraza la watu wenye fikira, ili chuo hiki kizae mambo mapya."

Nakiri maneno yalinipendeza. Nilitikisa kichwa kule nyuma. Nilifikiri juu ya vitabu, na juu ya vijana wa Rufiji waliokuwa wakiandika vizuri kuliko walimu wao, nikasema moyoni, labda sasa mtu hatangoja mjomba ashibe ndipo apate ruhusa.

Baraza likaundwa. Mwenye mashamba akawa mwenyekiti. Khatibu wa msikiti akaongezwa kwa sababu asingeongezwa angekasirika, na watu wengine wawili watatu wakaongezwa kwa sababu hiyohiyo.

Kikao cha kwanza kilihusu viti. Wenye fikira hawawezi kukaa jamvini, alisema karani. Kwa hiyo vikaletwa viti kwa mashua kutoka Chole, na meza. Vilipofika ikaonekana kimoja tu kina mikono. Siku hiyo haikufanyika kazi nyingine. Mwenyekiti alikaa kwenye chenye mikono, khatibu akasema yeye kwa sababu ya elimu ndiye anayestahili mikono, karani akasema jambo lipelekwe kwa kupiga kura kama wanavyofanya Ulaya, na mwenye duka akakubaliana na mwenyekiti. Vijana waliokuja kusoma nahau walingoja nje kwenye kibaraza mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Kikao cha pili kilikuwa kibaya zaidi, maana walifika kwenye kazi yenyewe. Karani alisema shabaha ya baraza ni kuhimiza mambo mapya. Khatibu akainuka.

"Jambo jipya katika dini ni bidaa," alisema. "Na bidaa ni upotevu."

"Hatusemi mapya ya dini, shekhe. Tunasema mapya ya chuo."

"Chuo kinasomesha nini, uvuvi?"

Wakatazamana. Kisha wakafanya lile ambalo nimeona watu wa namna yao wakilifanya kila wanapokwama: wakaunda baraza jingine dogo ndani ya lile kubwa, la kutenganisha jambo jipya na bidaa. Hilo dogo lilikaa tangu masika mpaka maembe yakaiva. Lilipomaliza, likaleta mpango. Mtu mwenye jambo jipya atalipeleka kwanza kwa msimamizi wake. Msimamizi atalipeleka kwenye baraza dogo lione kama si bidaa. Baraza dogo litalipeleka kwenye baraza kubwa lione kama linafaa. Baraza kubwa litalirudisha kwa walimu watoe maoni. Walimu wakikubaliana, litarudi tena kwa msimamizi, naye atamwita mwenye jambo.

Karani aliusoma mpango huo kwa sauti ya mtu anayesoma shairi. Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, nikajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Wasimamizi nao walipatikana. Maalim wa Kurani akawa Msimamizi wa Watoto. Maalim wa fiqhi akawa Msimamizi wa Sheria. Juu yao wakawekwa watu wa baraza, kila mmoja na jina lake. Kulikuwa na Msimamizi wa Usafi, ambaye alikuja kutuambia tufagie, na Msimamizi wa Wageni, ambaye hakupata mgeni. Walimu waliokuwa wakisomesha mchana kutwa sasa walikaa wakieleza kwa wasimamizi wao habari ya kusomesha. Katika mpango ule wote, chumba cha nyuma hakikutajwa. Sijui walikisahau au waliona haya kutamka neno wanawake juu ya meza. Nilimshukuru Mungu.

Sasa nimtaje shemeji yangu. Alikuwa mtu wa Bweni, mume wa marehemu dada yangu, na ndiye aliyekuwa akisomesha nahau. Dada alikuwa amekwisha kufa, lakini shemeji ni shemeji, nasi tuliendelea kuitana hivyo. Alikuwa mwembamba, mdomo wake una wino kila siku kwa sababu alikuwa akiuma kalamu anapofikiri, na alikuwa akicheka peke yake juu ya mambo ya sarufi ambayo hakuna mwingine aliyeyaona ya kuchekesha. Wanafunzi walimpenda. Baraza lilimpa jina la Msimamizi wa Lugha, naye akalipokea kama mtu anayepewa kofia ya mtoto.

Yeye ndiye aliyekuwa na jambo jipya la kweli. Siku zile mwanafunzi hakuuliza. Mwalimu alisema, nawe ukasema alivyosema, na ukiuliza ulikuwa umemtukana. Shemeji alitaka alasiri ya kila Alhamisi vibao vya kuandikia viwekwe kando, na mwanafunzi yeyote amwulize mwalimu yeyote jambo lolote lililomkera. Mwalimu anayejua ajibu. Asiyejua aseme "sijui" mbele ya watu, kisha watafute pamoja vitabuni.

Alilipeleka kwa utaratibu wote, maana alikuwa mtu mwaminifu. Likapita kwa msimamizi aliyewekwa juu yake, likapita baraza dogo kwa shida, likafika baraza kubwa. Siku aliyoitwa nilikuwa mahali pangu nyuma ya kiambaza nikisuka ukili wa mkeka, na sikupoteza neno.

Karani alimwambia, "Maalim, jambo lako ni zuri. Limefanywa chuo gani?"

"Halijafanywa popote ninapopajua."

"Basi tutajuaje kama linafaa?"

"Tulifanye, tuone."

Mwenyekiti akaingilia. "Tulifanye kabla ya kulikubali?"

"Bwana, mlisema mnataka mapya. Kama lingekuwa limekwisha kufanywa kwingine, upya wake ungekuwa wapi?"

Nilisikia kiti kikilia chini ya mtu mzito.

"Maalim," alisema mwenyekiti, "majibu yako yana ukali. Nenda, utaitwa."

Hakuitwa. Alipita kwangu jioni ile kabla ya magharibi, akakaa kizingitini, nikampa uji.

"Shemeji," nikamwambia, "mwenye kutaka kufanya jambo hulifanya."

"Wewe unaweza kusema hivyo. Wewe huna msimamizi."

Alisema kwa uchungu, bila kufikiri. Mimi nikafikiri kwa niaba yake. Alhamisi iliyofuata, wanawake wangu walipokuja, niliwaambia waweke vibao chini.

"Leo mtaniuliza nyinyi," nikasema.

Walidhani nimeugua. Wakakaa wakitazama mikeka. Mwishowe mmoja, mama wa makamo anayekwenda mwambani kutafuta pweza, akauliza kama anaweza kusali na nguo iliyorowa maji ya chumvi, maana akisubiri ikauke wakati unampita. Hilo nililijua, nikamjibu kuwa chumvi ya bahari si najisi. Akasema, "Miaka yote hii!" na wenzake wakacheka, kwa sababu wengi wao walikuwa wakiacha sala ile kwa jambo hilohilo.

Baada ya hapo hawakunyamaza. Mmoja akauliza kwa nini kaa anatembea upande. Mwingine akauliza mwezi ukionekana Chole na Kilindoni kuna wingu, nani afunge. Kisha mwanamke wa Miburani, mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya somo lake, akauliza:

"Mimi nina watoto watatu waliokufa kabla ya kutamka neno. Siku ya kufufuliwa watanijua kwa nini? Hawajawahi kuniita."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimesoma, nilijua maneno ambayo watu huyasema kwa waliofiwa, na yote yalinijia mdomoni. Nikayaacha.

"Sijui," nikasema. "Nitatafuta. Lakini leo sijui."

Nilidhani atavunjika moyo. Akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Basi hata wewe hujui. Mimi nilidhani ni ujinga wangu tu." Akasogea karibu, wa mwisho nyuma akaja mbele, na tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa kiambaza. Alikuwa amenyamaza na darasa lake limenyamaza pamoja naye. Vijana wazima wa nahau wamekaa wakiwasikiliza wanawake wakiuliza habari za kaa. Wiki zilizofuata wakawa wanapitisha maswali yao kwa wake wa ndugu zao, sisi tukayauliza, na shemeji akajibu kwa sauti kubwa kama anasomesha vijana wake. Kwa miezi kadhaa chuo kile kilikuwa mahali pa raha. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Vijana walifungua vitabu ambavyo mjomba aliviacha na mchwa walikuwa wamekwisha kuvianza.

Jambo kama hilo halifichiki kisiwani. Baraza likasikia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikwisha panga hata maneno. Lakini karani alikuja akicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga chumba cha nyuma, na nilimwambia avue viatu.

"Bi Mwalimu, baraza limefurahi sana," alisema akiwa amesimama na soksi. "Hili ndilo tunda la kwanza la utaratibu wetu."

"Utaratibu gani, bwana? Sikumwomba mtu ruhusa."

"Ndiyo maana tunakusamehe. Sasa tutaliweka sawa. Litahamia ukumbini, liwe la chuo kizima. Amekwisha teuliwa Msimamizi wa Maswali."

Nikafikiri atasema shemeji. Akamtaja mkwe wa mwenyekiti, kijana mnene aliyekaa chuoni miaka mingi bila kutoka juzuu za mwanzo, ambaye mjomba alikuwa akimtuma kuchota maji ili asisumbue wengine.

"Na maswali," karani akaendelea, "yataletwa mapema, yakaguliwe. Tusije tukaulizwa jambo lisilo na jibu."

"Na likiwa halina jibu?"

"Halitaulizwa. Tena lile neno lako, 'sijui', liachwe. Linakitia chuo aibu."

"Bwana karani, lile neno ndilo jambo lenyewe jipya. Mengine yote yalikuwapo."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa. Akavaa viatu vyake akaondoka.

Wakalichukua. Maswali ya wanawake wangu yakapelekwa kukaguliwa na baraza dogo. Lile la kaa lilikataliwa kwa kukosa heshima. La mwezi liliahirishwa. La yule mama wa Miburani lilijadiliwa vikao kadhaa, khatibu akasema linaonyesha shaka, karani akasema lirekebishwe, na lilipotoka huko lilikuwa: "Nguzo za Uislamu ni ngapi?" Nilipomsomea mwenyewe, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, hili ni langu?"

Alhamisi zikawa za ukumbini. Kijana anasimama, anauliza alichopewa, Msimamizi wa Maswali anajibu alichokariri. Vijana wa Rufiji walikuwa wakisinzia. Shemeji alikaa pembeni akiuma kalamu, wala haandiki.

Kisha baraza likaamua kuonyesha kazi yake. Wakaalikwa wazee wa kisiwa, akida, na bwana wa boma kutoka Chole. Chuo kilipakwa chokaa. Sisi wanawake tulipika tangu alfajiri, wali na mchuzi wa kuku, na tulipomaliza tukaruhusiwa kutazama kupitia matundu ya kiambaza. Mdachi alikuja na mkalimani wake, mtu wa Bagamoyo mwenye kofia nyekundu. Akapewa kile kiti chenye mikono, na mwenyekiti alikaa kando yake akitabasamu kwa shida.

Sasa, mkwe wa mwenyekiti alikuwa amekariri majibu tu, kwa kufuatana. Maswali hakuyasikiliza, hakuona haja. Siku ile kijana wa pili katika mpango alikuwa amelala na homa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia msimamizi, maana kila msimamizi alidhani ni kazi ya mwingine.

Kijana wa kwanza akauliza nguzo za Uislamu ni ngapi. "Tano," akajibu, na wazee wakasema mashaallah.

Wa pili hayupo. Akasimama wa tatu.

"Chombo kikilambwa na mbwa, kifanyweje?"

"Angoje jua lizame," akasema Msimamizi wa Maswali kwa sauti nzito, "kisha afungue kwa tende."

Wazee wakatazamana. Mwingine akasimama haraka.

"Mtoto akizaliwa, kwanza afanyiwe nini?"

"Kioshwe mara saba, moja kati yake kwa udongo."

Mwanamke mmoja pembeni yangu alijitupa chini akajifunika uso. Kijana aliyefuata alikuwa ameanza kutetemeka kwa kicheko, lakini alikuwa amepewa swali na akaliuliza.

"Maiti aliyezama baharini akapatikana, afanyweje?"

"Aadhiniwe sikio la kulia, kisha apewe jina."

Akida aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Karani alikuwa amesimama, mweupe kama ukuta ule mpya, akimpungia mkono mkwe aketi. Mkwe alidhani anapongezwa, akainamisha kichwa kwa adabu.

Mdachi hakuelewa kitu, na pengine alitaka kuwa na adabu naye. Akasema maneno kwa mkalimani, na mkalimani akatangaza: "Bwana ana swali. Anauliza, mkiwa baharini kati, hakuna msikiti wala mti, mnajuaje upande wa kuelekea mkisali?"

Swali zuri, na kila kijana ukumbini alikuwa na jibu. Nusu yao walikuwa wamekuja chuoni kwa mashua. Mmoja wa Bweni aliinua mkono akaanza kusema. Msimamizi wa Sheria akamshika shati akamketisha.

"Halikukaguliwa," alimnong'oneza, na sisi sote tukasikia.

Mwenyekiti alimtazama karani. Karani akakohoa, akasema, "Mwambie Bwana swali lake ni zuri mno. Litapelekwa barazani."

Mkalimani alimtazama kwa muda, kama mtu asiyeamini aliyoyasikia. Kisha akamgeukia Mdachi akasema maneno machache, na Mdachi akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaomba dafu. Mpaka leo natamani kujua alimtafsiria nini.

Ungetegemea baraza lijifunze. Lilijifunza. Lilikaa likachunguza, likaona kosa lilikuwa homa, likateua Msimamizi wa Wagonjwa.

Shemeji hakuaga kwa vishindo. Alinijia asubuhi na fungu la vitabu kichwani, akaniambia anarudi kwao Bweni.

"Utakaa na baraza gani huko?" nikamwuliza.

"Nitakaa chini," akasema, na akacheka kicheko chake cha sarufi.

Wanafunzi wa nahau walimfuata mmoja mmoja. Walisomea kwenye ukumbi wa nyumba ya mama yake, karibu na ule mnara wa taa wa Wadachi, na walioniletea salamu walisema wanauliza kutwa, hata mwenye kuwasha taa huja kuuliza. Maalim wa fiqhi akaondoka baadaye. Mimi niliwahamisha wanawake nyumbani kwangu, uani, bila kumwarifu mtu. Chuoni wakabaki watoto wa Kurani, maalim wao aliyezeeka, na baraza lililokuwa sasa na watu wengi kuliko wanafunzi wakubwa.

Mwaka mmoja hivi ukapita, mwenyekiti akaja kwangu. Alikuja mchana juu ya punda wake mweupe, akapiga hodi. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamtandikia mkeka kibarazani na mlango ukiwa wazi.

Alitaka nirudi na wanawake. "Tutakupa usimamizi wa wanawake," akasema. "Na kiti."

"Nina mkeka, bwana. Ahsante."

Akakubali upesi kuliko nilivyotarajia, lakini hakuondoka. Alishika bakora yake akaizungusha, akatazama nje, akasema mambo ya mvua. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua:

"Kulikuwa na mzee kwetu, mtumwa wa nyumbani. Ndiye aliyenilea, alinibeba mgongoni. Nilikuwa na nia ya kumwacha huru, nikawa nasema mwakani, mwakani. Akafa. Sasa nauliza. Mbele ya Mungu, yule bado ni wangu?"

Bibi yangu mzaa baba, akiwa mtumwa, alichimba mashimo ya minazi ya babu yake huyu bwana. Yeye alijua, nami nilijua kuwa anajua.

"Hili sihitaji kufungua kitabu," nikamwambia. "Hakuwa wako hata siku aliyokubeba."

"Ndivyo vitabu vinavyosema?"

"Vitabu vinasema kumwacha huru ni thawabu kubwa, na wewe uliijua ukaiahirisha. Hayo mengine nasema mimi."

Nikadhani atanikemea, naye akasema "Ahsante, Mwalimu," kwa sauti ya chini, akapanda punda. Kwa siku mbili tatu nilikuwa karibu kumheshimu. Kisha nikasikia baraza limekaa tena, yeye akiwa mbele, kujadili lango la chuo lielekee wapi.

Vita vilipokuja na Waingereza wakashuka kisiwani, nyumba ya chuo ikachukuliwa kuwekea magunia ya mchele ya askari. Watoto wa Kurani wakatawanyika kwa majirani. Baraza halikutawanyika. Likahamia kibaraza cha duka la nguo, likawa linakutana pale kila wiki, hakuna chuo, hakuna mwalimu, hakuna mwanafunzi, na wapitao waliwasikia wakibishana nani atasimamia nini siku nyumba itakaporudishwa. Iliporudishwa, miaka ilikuwa imepita na paa limeanguka ndani. Karani alikuwa amekwisha pata kazi kwa Waingereza, nasikia aliwaeleza vizuri sana habari za utaratibu.

Shemeji alifia Bweni, akiwa bado anasomesha. Mimi naendelea uani kwangu, ingawa macho yananiacha na nasomewa zaidi kuliko ninavyosoma.

Mwaka uliopita wauza samaki waliniambia kuwa mmoja wa wasichana wangu wa zamani amefungua darasa lake Miburani. Hakuja kuniomba radhi wala shauri. Nilikwenda mwenyewe kuona, nikasimama nje ya ua. Alikuwa na watoto wa kike na wa kiume pamoja, wanatwanga mpunga, na kila mchi unaposhuka wanaimba herufi, na mwishoni mwa herufi wanabadilishana michi na kuangua vicheko. Kelele tupu. Hakuna kibao hata kimoja. Mtoto mmoja alikuwa akiandika kwa unga wa pumba chini, na kuku wakija kumfuta.

Sikupenda hata kidogo. Nilisikiliza mpaka wakafika herufi ya mwisho, nikaona hawakuruka hata moja, nikageuka nikarudi nyumbani bila kupiga hodi.